Mafuta ya Boti na Mama Mkwe

Mimi ni mtu wa Singida. Kwetu kuna maziwa mawili ya chumvi, na sikumbuki mtu yeyote aliyewahi kuyavuka kwa hamu, kwa sababu upande wa pili kuna watu walewale. Kwa hiyo nilipohamishiwa Mtwara kufanya kazi ya ghala bandarini, nikaoa hukuhuku na kujenga Likombe, hakuna aliyetarajia kwamba siku moja nitanunua boti. Hata mimi sikutarajia.

Ilikuwa ya mgeni mmoja aliyekuja na mambo ya gesi. Mkataba wake ulipoisha akawa anauza kila alichokuwa nacho. Wenzangu wa ofisini waliwahi friji, godoro na jiko la kuchomea nyama. Mimi nilichelewa, nikakuta boti.

Ilikuwa ya faiba, nyeupe, ina turubai dogo la kivuli, viti viwili vinavyozunguka na matundu ya kuwekea vikombe. Mke wangu alipopelekwa ufukweni kuiona aliizunguka, halafu akauliza, "Inavua?"

Nikamwambia haivui.

"Inabeba mzigo?"

Haibebi.

"Sasa inafanya nini?"

Nikamwambia ni boti ya starehe. Akaitazama tena kuanzia mbele mpaka kwenye mashine. "Starehe ya nani?" akauliza.

Miezi ya mwanzo tuliitumia kwenda na kurudi. Jumapili tulikuwa tunatoka ufukwe wa Shangani, tunazunguka ghuba, tunarudi Shangani. Wavuvi walikuwa wakituuliza tumepata nini, nasi tunawaambia tumepata upepo. Mashine ilikuwa kuukuu lakini haikuwa na neno. Ukivuta kamba inawaka, ukiizima inazima. Tangi la mafuta lilikuwa la pembeni, la plastiki nyekundu, lenye kishikio, unaliunganisha na mashine kwa paipu. Kila tulipomaliza nilikuwa nalichomoa narudi nalo nyumbani, kwa sababu petroli iliyolala ufukweni haiamki.

Masika yalipoanza, mama mkwe akaja kukaa kwetu kwa ajili ya matibabu ya kiuno.

Hapa inabidi nieleze ukwe wa huku. Kwetu Singida mama mkwe anaheshimiwa. Kwa Wamakonde wa upande wa mke wangu, mama mkwe anaheshimiwa kwa umbali. Hukai naye chumba kimoja. Huli mbele yake, wala yeye mbele yako. Mkikutana njiani mmoja anapisha pembeni na kugeuza uso, na anayepisha ni wewe. Akiwa na neno anamwambia mwanawe, mwanawe anakuletea, hata kama nyote watatu mko uani na mnasikiana vizuri. Katika miaka yote ya ndoa yangu nilimfahamu mama mkwe kwa kisogo, kwa kanga zake na kwa sauti. Tulielewana sana. Najua ndoa kadhaa za kwetu ambazo zingepona kwa utaratibu huu.

Mikono yake haikujua kukaa. Wiki ya kwanza tu alipanga upya stoo yangu yote. Spana, kamba, madumu na lile tangi, vyote vilikuwa safi, na hakuna kilichokuwa mahali pake. Nilimtuma mke wangu kumshukuru.

Ndipo ikaja simu kwamba dada yake mkubwa anaumwa. Dada huyo alikuwa anaishi kijiji kimoja karibu na pale Ruvuma inapoingia baharini, mbele kabisa ya Kilambo. Mama yao alifariki wakiwa wadogo, na dada ndiye aliyemlea mama mkwe, akamwogesha, akamfundisha kupalilia mihogo. Halafu mdogo mtu akapendana na mwanamume ambaye dada hakumtaka, akaondoka naye bila kuaga. Yalikuwa mambo ya zamani. Tangu hapo walishatembeleana, wakacheka, wakazikiana wafu. Lakini neno lenyewe halikuwahi kusemwa. Sasa mama mkwe alitaka kumwomba dada yake radhi kwa mdomo wake, na kuisikia radhi hiyo kwa mdomo wa dada yake.

Mke wangu alipomshauri apige simu, alijibu kwa sauti ambayo nilijua na mimi nimekusudiwa kuisikia.

"Radhi haiombwi kwa simu, wewe."

Barabara ilikuwa imekatika kwa mvua. Magari yalikuwa yanaishia kwenye tope, na bodaboda waliokubali kuendelea walikuwa wanataka abiria mwenye kiuno kizima. Jioni ile nikiwa nimeketi uani, mama mkwe akiwa jikoni upande wa pili wa ukuta, nilisikia akimwambia mwanawe, "Mwambie baba, ile boti yake si inapita baharini?"

Baba ndiye mimi. Mke wangu akatoka jikoni, akasimama mbele yangu, akasema, "Mama anauliza, ile boti yako si inapita baharini?"

Sitaficha kwamba nilivimba kichwa. Tangu niinunue ile boti, ilikuwa mara ya kwanza mtu kuihitaji. Nikasema inapita, tena inapita vizuri.

Safari ya kwanza tulianza asubuhi, bahari imetulia. Tatizo lilikuwa namna ya kukaa. Boti yenyewe mtu mzima akilala anaifunika nusu, na ukwe unataka umbali. Tulilimaliza hivi: mama mkwe aliketi mbele kabisa, ametazama mbele, kanga kichwani. Mimi nilikaa nyuma kwenye mashine. Mke wangu akakaa katikati kupokea na kupeleka maneno. Kwa kuwa mashine ilikuwa inanguruma, alilazimika kupiga kelele pande zote mbili, na mambo ya kifamilia ambayo kwa kawaida husemwa kwa upole yakawa yanasikika mpaka Msangamkuu, ng'ambo ya ghuba.

Tulipokaribia njia ya kivuko, mashine ikakohoa. Ikakohoa tena, ikapunguza sauti, ikazima.

Nikavuta kamba. Kimya. Nikavuta tena mpaka bega likalia. Nikafungua kifuniko cha tangi kuangalia kama mafuta yamo. Yamo. Nikafunga, nikabinya ule mpira wa pampu ulio kwenye paipu, nikavuta kamba. Ikawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Tukasogea kidogo, ikazima tena, mbele ya kivuko kilichojaa watu. Abiria wote wakahamia upande wetu. Mmoja akatushauri tusukume. Mwingine akauliza kama hii ndiyo ile baiskeli ya majini, maana amewahi kuiona kwenye simu. Nikafungua tangi, nikaangalia, nikafunga, ikawaka. Ikawa ndiyo tabia yake: inazima, ukiitazama inawaka, ukiisahau inazima. Niliwahi kuwa na bosi wa namna hiyo. Tukageuza, tukarudi Shangani kwa kusimama kila mahali.

Mama mkwe hakugeuka hata mara moja. Tulipofika ufukweni alimwambia mwanawe, "Mwambie baba pole."

Nilimwita fundi wa mashine za boti. Alikuja nyumbani, akalitazama tangi pale uani, akaliinamisha, akamimina mafuta kidogo kwenye chupa, akaiinua juani. Chini ya chupa kulikuwa na vitone vichache vimejitenga.

"Maji hayo," akasema. "Maji yameingia kwenye mafuta."

Alisema kwa sauti ya kutosha nyumba tatu. Kumtendea haki, maji yalikuwepo. Kila petroli niliyowahi kuiona hapa mjini wakati wa masika ina kitone. Akamwaga mafuta yote, tukaenda ufukweni kwenye mashine, akafungua kabureta, akaisafisha, akabadilisha filta na plagi. Halafu akaunganisha mashine na dumu lake mwenyewe lenye mafuta yake mwenyewe, akawasha. Ikanguruma muda mrefu bila hata kikohozi. Tulisimama pale kuisikiliza kama watu wanaosikiliza taarifa ya habari. Fundi akafuta mikono, akasema mashine imepona. Nami nikaamini, kwa sababu nilikuwa nimeisikia kwa masikio yangu.

Nikanunua petroli mpya, nikajaza tangi, nikaliweka stoo.

Safari ya pili mashine ilizima karibu na palepale, mapema zaidi kuliko mara ya kwanza. Safari hii hata ule mpira wa kubinya ulikuwa umebonyea kama embe bovu, haurudi. Mke wangu, ambaye mikono yake haikuwa na kazi, alikuwa akilitazama tangi.

"Mbona tangi limekonda?" akaniuliza.

Nikaangalia. Kweli, mashavu ya tangi yalikuwa yameingia ndani. Nikamwambia ni jua. Plastiki ikipigwa na jua inajikunja. Nilisema hivyo kwa uhakika wa mtu aliyezaliwa Singida. Nikafungua kifuniko, tangi likatoa sauti ndefu kama mtu aliyefika nyumbani na kuvua viatu, mashavu yakarudi. Nikasema, umeona, limepata upepo, limepoa.

Leo hii nikikumbuka maneno hayo natamani kutoka nje.

Upepo ulikuwa umeanza, sikuthubutu kuendelea. Ngalawa mbili zilikuwa zinarudi, moja ikatufunga kamba. Wavuvi wakatuvuta mpaka Shangani. Tulipofika ndipo mmoja akasema, kwa huruma kabisa, kwamba pengine mashine ile imezoea starehe na haitaki safari za shida.

Jirani akasema ni petroli ya siku hizi. Mwenzangu wa ofisini akasema ni kompyuta ya injini, nikamwambia haina kompyuta, akasema basi tatizo ni hilo. Fundi akaja tena, safari hii amenuna, akasema paipu imechoka, inavuta hewa. Tukabadilisha paipu. Tukajaribu tena kwa dumu lake, mashine ikacheka. Ofisini kila mtu aliyenipita alikuwa anaiga kikohozi.

Nyumbani simu zilikuwa zinakuja. Mtoto wa yule dada mgonjwa ndiye aliyekuwa akipiga. Leo amekunywa uji. Leo ameketi. Leo anauliza, mdogo wangu amefika wapi? Mke wangu alikuwa akizipokea na kuzipeleka chumbani kwa mama yake, mlango unafungwa, nami nabaki sebuleni nikitazama kalenda ya benki. Nilikuwa na aibu ambayo sijawahi kuwa nayo. Mama mzima, mwenye kiuno kibovu, ametegemea kitu kimoja tu duniani, na kitu hicho ni mimi na kopo langu la faiba.

Ikapatikana siku moja isiyo na mvua. Tulitoka baada ya swala ya alfajiri, kumekucha. Mashine ilipozima mara ya kwanza hatukurudi. Nilikuwa nimeshaamua: ikizima tunafungua tangi, tunafunga, tunawasha, tunaendelea, hata kama tutafika kwa kukohoa. Na hivyo ndivyo tulivyokwenda. Msangamkuu ikabaki nyuma. Tukaifuata pwani polepole kuelekea Msimbati, tukizima na kuwaka, mawimbi yakianza kuwa makubwa kuliko yale ya ghuba. Mke wangu alikuwa ameacha kupeleka maneno. Alikuwa ameshika ukingo wa boti kwa mikono yote miwili na midomo yake ilikuwa inasoma dua.

Tulipokuwa tumeipita Msimbati ikazima tena. Nikafungua kifuniko, tangi likashusha pumzi. Boti ilikuwa imekaa ubavu kwa mawimbi na inayumba vibaya. Nilikuwa nimechoka. Badala ya kufunga haraka kama siku zote, nilikaa nimekishika kile kifuniko mkononi, nimekigeuza juu chini, kama mtu aliyeshika kikombe kisicho na chai.

Ndani yake kulikuwa na kitu kinang'aa.

Nikakibandua kwa ukucha. Kilikuwa kipande cha nailoni nyororo, kimekatwa duara kwa mkasi, kimeenea vizuri juu ya ule mpira wa ndani. Chini yake kulikuwa na kingine, duara lilelile. Vyote viwili vilikuwa vimeziba kitundu kidogo kilicho katikati ya kifuniko. Kitundu hicho kazi yake ni kupitisha hewa. Mashine ikivuta mafuta, hewa lazima iingie kuchukua nafasi yake. Isipoingia, tangi linanyonywa, linakonda, mafuta yanagoma kutoka, mashine inazima. Ukifungua kifuniko hewa inaingia, mashine inawaka. Ukifunga, mambo yanaanza upya. Maji, filta, kabureta, plagi, paipu, vyote havikuwa na kosa. Na dumu la fundi lilikuwa limezibwa kwa kitambaa tu.

Kila nyumba ninayoijua huku inafunga madumu hivyo. Aliyewahi kusafirisha mafuta ya nazi juu ya mizigo ya watu anajua: unakata nailoni, unaiweka kwenye mdomo wa dumu, ndipo unakaza kifuniko, na dumu halivuji hata likilala kifudifudi. Tangu mifuko ya nailoni ipigwe marufuku, nailoni nzuri imekuwa adimu, na watu wanatunza mifuko ya sukari kwa kazi hiyo. Nyumbani kwangu tangu masika yaanze dumu la mafuta ya nazi, la asali na la mafuta ya taa yote yalikuwa yamefungwa namna hiyo. Mtu wa kukata duara safi kiasi kile alikuwa mmoja tu. Alikuwa ameketi mbele ya boti, kanga kichwani, amenipa mgongo, anatazama upande wa Ruvuma.

Mke wangu alikuwa ameona. Aliangalia vile vipande kwenye kiganja changu, akaangalia mgongo wa mama yake, akarudi kwangu. Akatikisa kichwa, kidogo sana. Nikavitia kwenye mfuko wa shati.

"Mama," akaita mbele, "anasema ulikuwa uchafu kidogo tu. Ameutoa."

"Mwambie ahsante," mama mkwe akasema bila kugeuka.

Nikafunga kifuniko, nikavuta kamba. Kuanzia hapo mashine haikukohoa tena. Nilikasirika, tena sana. Nilikuwa nimekokotwa na ngalawa, nimebadilisha kila kinachobadilika, nimeigiziwa kikohozi na watu wa idara tatu. Nilitaka kumfokea mtu, na mtu mwenyewe hata kumtazama usoni nilikuwa siruhusiwi. Halafu nikaanza kuhesabu kichwani tungekuwa tumefika lini kama mambo yangekwenda sawa, na hasira ikaniishia yote. Iliyobaki ilikuwa hofu. Nikaongeza moto.

Maji yakabadilika rangi kabla hatujauona mto wenyewe. Yakawa ya kahawia, mazito, yamebeba majani na vipande vya magogo. Tukaingia kwenye mikoko kwa tahadhari, nikainua mashine, tukasukuma kwa mti mpaka tope lilipotukamata. Watu wa kijijini walikuwa wamesikia mlio, wakaja kutupokea. Wanawake wawili wenye nguvu wakambeba mama mkwe kuvuka tope, na kwa muda wote huo mimi niligeukia baharini na kujifanya naangalia nanga. Sina nanga.

Tulipokaribia nyumba niliona wanawake wengi wameketi nje kimya, nikajua.

Lakini alikuwa hai. Hilo walitueleza mlangoni. Alikuwa hai, macho yamefumba, anapumua. Mtoto wake akamwambia mke wangu kwamba jana mchana alikunywa uji vijiko kadhaa na akauliza, "Hajafika tu?" Wakamwambia yuko njiani, boti inatengenezwa. Akacheka, akasema mdogo wake hata alipokuwa mtoto alikuwa wa kusubiriwa. Jioni sauti ikakatika. Tangu hapo hakuwa amesema neno wala kufungua macho.

Mama mkwe akaingia ndani. Mimi nikakaa nje na wanaume, kwenye benchi lililoegemezwa ukutani. Ukuta ulikuwa wa udongo na dirisha halikuwa na kitu, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Nilitamani nisisikie.

Alianza kwa Kimakonde, ambacho nakijua kwa kuungaunga. Halafu akaingia kwenye Kiswahili, labda kwa sababu neno lenyewe ni la dini. "Dada, nnaomba radhi. Niliondoka bila kuaga. Nnaomba radhi, dada yangu."

Kimya.

Akarudia. Sauti yake ilikuwa ileile ambayo kwa miaka yote niliisikia ikitoka jikoni, ikiuliza kama baba ameshakula.

Mwanamke mmoja mle ndani akasema, "Amekubana mkono. Umeona? Amebana."

"Amebana," wa pili akaitikia haraka. "Na mimi nimeona."

"Mimi sijahisi," mama mkwe akasema.

Dada yake alifariki kesho yake asubuhi. Tulizika kabla ya jua kutua. Wanaume wa kijijini walinipa jembe bila kuniuliza mimi ni nani, nikachimba na wenzangu. Tukakaa matanga. Mke wangu alipika na wanawake, mimi nilipasua kuni, na hatukuzungumza habari ya kile kilichokuwa mfukoni mwangu. Siku moja nilikwenda peke yangu kwenye mikoko, nikavifukia vile vipande kwenye tope kwa kidole cha mguu.

Siku ya kuondoka nilikuwa nyuma ya nyumba nikifunga kamba za mizigo. Nikasikia hatua, nikaona pindo la kanga, nikainuka haraka kupisha kama desturi. Lakini kanga haikupita. Ilisimama.

"Baba," akasema.

Nikatazama huku na huku kumtafuta mke wangu, maana bila yeye sikujua tunazungumzaje. Hakuwepo.

"Naam, mama."

"Ile boti iliumwa nini hasa?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo kutoka kwa kila mtu isipokuwa yeye. "Maji, mama," nikasema. "Mafuta yalikuwa na maji."

"Hata fundi alisema. Nilimsikia siku ile." Alikuwa anavuta uzi wa pindo la kanga yake. "Ndiyo nikaenda stoo. Nilikuwa nimeshalifunga lile tangi na nailoni, kama ninavyofunga vitu vyangu. Nikasema labda moja haitoshi, nikaweka na ya pili. Kila ulipolijaza nilikwenda kulitazama, kama nailoni imekaa. Nikalikaza kwa nguvu zangu zote, maji yasipate pa kuingilia." Uzi ukakatika mkononi mwake. "Sasa nnajiuliza usiku kucha. Au sikulifunga vizuri?"

Kutoka mbele ya nyumba nilisikia mke wangu akiagana na watu. Nilifikiri kumwita, na nikaona hapana, hili ni langu.

"Ulilifunga vizuri, mama," nikamwambia. "Maji yalitoka na mafuta hukohuko kituoni. Hayakupita kwako."

"Kweli, baba?"

"Kweli."

Ndipo akaishusha kanga kichwani na kunitazama usoni, mara ya kwanza tangu nimwoe mwanawe. Nilitamani kuinamisha macho kama nilivyozoea. Sikuinamisha, nikamtazama na mimi mpaka aliporidhika.

"Alhamdulillahi," akasema, akarudisha kanga kichwani, akaenda kuwaaga wenzake.